Kalamu ya Kijani

Sanduku moja, kalamu kumi na mbili za rangi,
wanafunzi sabini na wanne, Darasa la Tatu,
na kipindi cha dakika arobaini, kumi kati yake
tunazimaliza kwa kugombea kahawia.

Kahawia imekwisha. Kimebaki kipande cha ukucha,
tunakishika kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa mwiba.
Kijani bado ndefu, ina karatasi yake, haijui kazi.
Huu ni mwezi wa kumi, hapa ni Bahi:
nani atachora asichokiona?

Andalio la somo lilisema: mbingu ni buluu.
Nikaandika ubaoni, wakaitikia.
Perisi peke yake akapaka ukurasa mzima
rangi ya maji yaliyooshea mchele.
Nikamwambia, Perisi, mbingu.
Akanishika mkono (watoto wa hapa hawamshiki mwalimu mkono)
akanitoa nje, tukatazama juu sote wawili.
Vumbi lilikuwa limepanda hadi kwa Mungu.
Nilirudi nikafuta ubao.

Tangu hapo rangi tunazitafuta kwa miguu.
Mkaa tunao. Jivu tunalo, ndilo lililozaa kijivu.
Manjano yapo dukani kwa Mama Chilongani,
vijiko viwili shilingi mia mbili.
Maganda ya zabibu mjomba wa Yoeli huyaleta toka Hombolo,
yakilala usiku majini huamka zambarau,
ingawa zambarau lenyewe hakuna aliyewahi kulionja.
Choya. Udongo mwekundu wa kichuguu.
Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa.
"Na damu ya mzee, Mwalimu?"
"Ni nyekundu iliyokolea, kama koti la Mratibu."
"Mzee yupi?"
Sijui. Chuoni hawakutuambia ni mzee yupi.

Siku moja nikasema: leo tuchore ng'ombe.
Wote wakamchora ubavuni, miguu minne, mkia, kengele,
kama alivyo kitabuni.
Nehemia Mazoya, ambaye huja shule
siku zisizo zamu yake machungani,
alichora makalio.
Makalio kumi na tisa, mikia kumi na tisa, vumbi katikati,
pembe zikichomoza kwa mbali kama vijiti vya uzio.
Darasa likacheka hadi Darasa la Nne wakachungulia.
Akasema bila kuinua uso: mimi natembea nyuma.

Kisha akaniuliza rangi zao kwa Kiswahili.
Huyu? Mwekundu. Na huyu? Mwekundu.
Na huyu? Nikasita. Mwekundu, nikasema, mwekundu kidogo.
Kwa Kigogo alizitaja zote, kila ngozi na neno lake,
wa madoa ya mvua, wa tumbo jeupe, wa moshi mgongoni,
nami niliyesomea nikakaa dawati la mbele
nikaandika.

Kalamu ya kijani ilipotea Ijumaa.
Nilihesabu mara tatu. Sikupekua mkoba wa mtu.
Jumatatu nikapita kwa kina Nyemo kuulizia mahudhurio,
na kwenye ukuta wa tembe, upande wa zizi,
pana shamba: uwele, mistari minane,
suke kwa suke, majani yamelalia upande mmoja kwa upepo,
kijani iliyokandamizwa hadi udongo ukachimbika.
Chini, mpaka kimo cha mbuzi, shamba halipo.
"Wameramba," mama yake akasema, "wanapenda chumvi ya ukuta."
Nyemo akasema hapana.
Wamekula.

Kipande kilichobaki kilifungwa kwenye pindo la kanga ya mama.
Alikifungua, akaninyoshea kiganja.
Nikamwambia, mbona hujachora mvua?
Akasema mvua haina rangi, Mwalimu.
Nikaliandika na hilo, chini ya ng'ombe.